Uliza Ami Fundi: Tokeni hii si ile ya Tukuza

Jamani mwezi huu mmeniandama na kitu kimoja tu, tokeni, tokeni, tokeni. Nahisi ni kwa sababu siku hizi kila kijana anarusha laivu, huyu gemu, yule harusi, yule resi za ngalawa, sa barua nimezikusanya nizijibu pamoja na naanza na ya mzee wangu, manake kauliza kitu ambacho nyie vijana mlifaa mkiulize kabla hamjaanza kubonyezabonyeza.

Mwanangu Ami Fundi, mie mzee wa Chake Chake. Mjukuu wangu anacheza gemu usiku kucha na watu wanamtazama kwa simu zao. Juzi nimekaa pembeni yake nikaona kwenye kompyuta herufi na nambari ndefuu, nikaanza kuzisoma kwa sauti, mtoto karuka kaniziba skrini kwa mikono miwili, ati babu usisome hiyo tokeni. Mie tokeni naijua ya umeme. Hata umeme kaanza kunificha?

Shikamoo mzee wangu. Hajakuficha umeme, na wallahi kafanya vyema kuziba skrini, ila angekueleza baadae kwa adabu.

Tokeni ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, wewe unaijua, nambari 20, imetengenezwa kwa mita yako peke yake, hata ukiisoma kwenye spika ya msikitini jirani akaikimbilia haimfai kitu, mita yake itaikataa. Na ukishaiingiza mara moja imekwisha kazi, karatasi unaweza kuifungia karanga. Sasa ya mjukuu wako ni kinyume chake kabisa. Yeye kuna programu anaitumia, tuseme ile inayowasalimia watazamaji kwa niaba yake. Hataki kuipa paswedi yake, na asiipe, basi anaenda Twitch kwenyewe, ule mtandao anaorushia gemu, anasema programu hii nimeiruhusu ifanye hili na hili, Twitch wanaipa programu ile tokeni. Kila ikija inaonyesha tokeni na inafunguliwa. Haijaandikwa mita. Anayeishika ndo mwenyewe, akiisoma mtu wa Chake au mtu wa Brazil ni sawasawa, na inatumika mara elfu mpaka muda wake uishe au mwenyewe aifute. Ndo maana kijana kakuzibia, pengine alikuwa laivu na sauti yako inakwenda kwa watu wote.

Assalamu alaykum Ami. Mie niko Wete, narusha gemu Twitch na nimejiandikia bot ya chati kwa Python, inakaribisha watu, inataja matokeo, inabadilisha na kichwa cha laivu tukibadilisha gemu. Inafanya kazi vizuri kabisa alafu baada ya saa kama nne inakufa, inaandika 401 basi. Nachukua tokeni mpya kwa mkono naibandika naendelea, kesho yake tena hivohivo. Nimebadilisha bando, nimebadilisha laptop, nimehisi ni intaneti ya Pemba. Na rafiki zangu watatu wanaitaka hiyo bot niwape kopi, niwape?

Wa alaykum salaam mwanangu. Kwanza mie bot nitaiita roboti, nikiandika boti humu watu wataanza kuniuliza nauli ya Mkoani.

Intaneti ya Pemba safari hii haina kosa. Saa nne ndo umri wa tokeni yenyewe. Twitch tokeni ya mtumiaji inayotolewa kwa njia hiyo inaishi takriban saa nne alafu inakufa, imekusudiwa ife, ili mwizi akiipata asiwe nayo milele. 401 maana yake "sikutambui", haisemi mtandao umekatika. Wewe ulipoiruhusu roboti yako mara ya kwanza ulipewa vitu viwili, nina hakika kimoja umekitupa. Kuna tokeni ya kazi, hiyo unayoibandika, na kuna tokeni ya kurifreshi. Ya pili haifungui chati wala haibadilishi kichwa, kazi yake moja tu, kwenda kwa Twitch kuomba tokeni ya kazi nyengine ile ya mwanzo ikishakufa, wewe uko usingizini. Rudi kwenye jibu walilokupa siku ile, utaiona imekaa pale chini ya mwenzake, imeandikwa refresh_token.

Sa iandike roboti hivi. Inafanya kazi zake, ikirudishiwa 401 isife, iende id.twitch.tv/oauth2/token na tokeni ya kurifreshi pamoja na kitambulisho cha apu na siri ya apu (client ID na client secret ulizopewa ulipoisajili), itapewa tokeni mpya, irudie ile kazi iliyokataliwa. Hapa ndo wengi wanapoangukia kwa hiyo nisikilize: katika jibu linalorudi kuna tokeni ya kazi NA tokeni ya kurifreshi, na hiyo ya kurifreshi inaweza kuwa imebadilika. Zihifadhi zote mbili, kwenye faili, papohapo, kabla hujafanya jambo jengine lolote. Kijana mmoja kaniletea roboti yake inakufa kila akiizima akiiwasha, tumekaa nayo kuanzia baada ya laasiri mpaka magharibi inaadhiniwa, kumbe ilikuwa inapokea tokeni mpya inaiweka kichwani tu, kwenye kumbukumbu ya programu, faili limebaki na ile ya kale. Umeme ukikatika, roboti inaamka na ufunguo wa nyumba iliyovunjwa.

Jengine, Twitch wanakutaka uihakiki tokeni, inapoamka roboti na kila saa moja, kwenye id.twitch.tv/oauth2/validate. Hili si la hiari, wamesema watakagua apu zisizofanya hivo na wanaweza kuzichukulia hatua. Sababu yake ina maana pia, mtu akikuondolea ruhusa leo mchana, roboti yako inafaa ijue mapema, si ikae inaendelea kujifanya bado ni mgeni rasmi. Unapohakiki unaandika neno OAuth mbele ya tokeni, wakati sehemu nyengine nyingi za API (mlango ambao programu zinaongea na Twitch) unaandika Bearer, ukichanganya unaweza kupata 401 na tokeni yako nzima, utalia bure. Na usirifreshi kila dakika kwa kuogopa, tokeni moja ya kurifreshi inaruhusiwa kuwa na tokeni za kazi hai 50 tu kwa wakati mmoja, ya 51 ikija ile kongwe kuliko zote inakufa. Rifreshi ikikataliwa kabisa usiiachie roboti ijaribu na kujaribu kama mtu anayegonga hodi nyumba isiyo na watu, mara nyingi manake ni kuwa mwenye akaunti kabadilisha paswedi au kaiondoa apu, basi isimame imuombe ruhusa upya kwa ustaarabu.

Hao rafiki zako. Roboti wape, siri ya apu usiwape, na ukiwapa kopi ya folda yako nzima ushawapa siri, ushawapa na tokeni zako, yaani wataingia kwa jina lako. Programu inayokwenda kwenye kompyuta za watu haina pa kuficha siri. Pale dev.twitch.tv unapoisajili apu kuna sehemu ya kuchagua aina, chagua Public, alafu tumia ule mtindo wa kodi ya kifaa (device code, si kodi ya kulipa): roboti inamuonyesha rafiki yako kodi fupi, yeye anafungua twitch.tv/activate kwa simu yake, anaiandika, anakubali, kila mtu kapata tokeni zake. Siri haihitajiki. Ila ujue kwa apu ya aina hiyo tokeni ya kurifreshi inatumika mara moja tu kila ikitolewa, na usipoitumia siku 30 inakufa. Kwa hiyo lile la kuhifadhi kwenye faili kwao ndo khasa.

Ami mie sitaki maneno mengi. Natumia YouTube, nimeunda kiapu changu cha kupanga laivu, tokeni ya kurifreshi inakufa kila wiki. Kila wiki! Kwa nini? Kijana wa Jang'ombe.

Kwa sababu apu yako kule Google bado umeiacha kwenye hali ya Testing. Hali hiyo, kwa apu ya watu wa nje, tokeni ya kurifreshi wanaipa siku 7. Itoe kwenye majaribio uiweke Production, alafu iombe ruhusa upya manake ile ya kale itakufa tu tarehe yake ikifika. Sikuongeza neno.

Ami Fundi habari za kazi. Mie na shoga yangu tuko Fuoni, tuna chaneli YouTube tunarusha harusi na maulidi, watu wa Oman na Uingereza wanaowatazama ndugu zao. Mwanzo kabisa binamu yangu ndo alitufungia kila kitu, kamera, OBS ile programu ya kurushia laivu, maandishi yanayopita chini, vyote. Tukaja tukagombana kwa pesa. Nimebadilisha paswedi mara tatu, na nimeweka ile ya kuthibitisha kwa simu. Ijumaa iliyopita tuko laivu, bi harusi ndo kwanza anateremka ngazi, mara kichwa cha laivu kimebadilika, kimeandikwa HAWA HAWALIPI MADENI. Mama wa bi harusi kaniangalia jicho hilo sitalisahau. Anaingiaje huyu mtu?

Pole sana mwanangu. Nimecheka kidogo hapo kwenye ngazi, nisamehe.

Anaingia kwa sababu haingii. Paswedi ni kwa anayebisha hodi mlangoni, na uthibitisho wa simu ni hivohivo, unamuuliza anayebisha. Binamu yako habishi hodi, alipokufungieni vitu mwanzo aliiruhusu apu yake fulani kwenye akaunti yenu, labda hiyo ya maandishi ya chini, ikapewa tokeni, na tokeni ishapita mlango kitambo, imekaa ukumbini inakunywa chai. Wewe nje unabadilisha kufuli la tatu.

Na hapa pana kitu kinawachanganya watu wengi, na mie kilinichanganya. Twitch ukibadilisha paswedi tokeni zote za apu zinafutwa. Kwa hiyo mtu wa Twitch atakwambia badilisha paswedi tu umemaliza, na kwake yeye ni kweli. Google hawafanyi hivo. Google ukibadilisha paswedi wanazifuta zile tokeni za kurifreshi zenye ruhusa ya barua pepe za Gmail, zile za YouTube zinabaki zinaishi. Umefanya alichokwambia mtu sahihi wa mtaa mwengine.

Sa kaeni nyote wawili, siku ambayo hamna harusi, na hilo nalisema makusudi kwa sababu mtakayoyafanya yatazima na vitu vyenu wenyewe, maandishi ya chini yatapotea mpaka muyaunganishe upya, mkifanya saa moja kabla ya nikaha mtanitukana. Fungueni akaunti ya Google yenyewe, si YouTube, nendeni sehemu ya usalama, mtafute pale panapoorodhesha apu na huduma za watu wengine zilizounganishwa na akaunti. Mtaona majina. Kila moja mlibonyeze, litakuonyesheni limepewa ruhusa gani na lini. Msilolijua liondoeni. Mnalolijua lakini hamlitumii tena, liondoeni. Ukiondoa pale tokeni zake zinakufa, hata awe amezikopi kwenye flashi kumi. Angalia na majina matamu matamu, apu inaweza kujiita jina lolote.

Hujamaliza. Nenda YouTube Studio, kwenye mipangilio, pana sehemu ya Permissions, hapo ndo mnampa mtu kuwa meneja au mhariri wa chaneli. Binamu akiwa yumo mule basi hata tokeni haitaki, anaingia kwa akaunti yake mwenyewe kama mwenye haki, na anabadilisha kichwa cha laivu amekaa zake Darajani anakula urojo. Mtoe. Mwisho ufunguo wa kurushia, ile mistari ya herufi mnayoibandika OBS. Huo si tokeni ya apu, ni kitu cha peke yake, na kuondoa apu hakuugusi. Aliyenao anaweza kurusha video yake mwenyewe kwenye chaneli yenu, na kwa hali mliyonayo mie sitaki hata kufikiri atarusha nini. Kwenye chumba cha laivu pana kitufe cha Reset, bonyezeni, mpate mpya, mbandike OBS.

Alafu hiyo pesa, kama kweli ni haki yake, mpeni. Hilo halimo kwenye ufundi lakini mmeniandikia mie.

Kaka, ile skrini inayosema apu hii inataka kufanya hivi na hivi, nani anaisoma kweli? Mie nabonyeza tu Authorize. Ina ubaya?

Ina ubaya mkubwa. Tarehe 3 Mei 2017 watu wengi duniani walipokea barua pepe kutoka kwa mtu wanayemjua, ati kakushirikisha waraka, ukibonyeza inakuja skrini ya kweli ya Google, si ya bandia, inasema Google Docs inaomba kusoma barua zako na kuona anwani za watu wako. Watu wakakubali, wakidhani ni Google Docs kweli. Kumbe ile apu mtu kaiita tu jina hilo. Ikishakubaliwa inajituma kwa kila mtu uliyenaye kwenye orodha. Google waliizima ndani ya saa moja hivi. Hakuna paswedi iliyoibiwa hata moja, watu walitoa ruhusa kwa mikono yao.

Kwetu Pemba ukiajiri wachumaji unawaonyesha mikarafuu yenyewe, huu na huu na ule pale, unawalipa kwa pishi. Humwambii mtu chukua shamba. Ruhusa za apu ziko vilevile zimekatwa vipande vipande. Twitch kwa mfano, chat:read ni kusoma chati, chat:edit ni kuandika kwa jina lako, channel:manage:broadcast ni kubadilisha kichwa na mambo ya laivu, moderator:manage:banned_users ni kufungia watu na kuwafungulia, channel:read:stream_key ni kuusoma ule ufunguo wa kurushia. Sa apu ya kuonyesha chati kwenye skrini ikitaka chat:read nitaielewa. Ikitaka na channel:read:stream_key, ya nini? Hapo ndo unafunga ukurasa.

Ami nimeharibu. Nilikuwa laivu kutoka Makunduchi naonyesha watu ninavyotengeneza overlei, yale mapicha na maandishi yanayokaa juu ya video, nikafungua faili nisilotaka, tokeni na siri ya apu vimeonekana kama sekunde tatu tu. Watazamaji walikuwa 11. Nimefuta video. Nimesalimika?

Hujasalimika, na sekunde tatu ni nyingi. Watazamaji 11 wanatosha, mmoja akiwa kakata klipu kabla hujafuta basi picha anayo. Usianze na video, anza na tokeni. Nenda Twitch kwenye mipangilio, Connections, teremka chini kwenye Other Connections, apu yako ile bonyeza Disconnect, tokeni zake kwenye akaunti yako zimekufa. Siri ya apu ni jambo jengine, hiyo ingia dev.twitch.tv kwenye konsoli, fungua apu, bonyeza New Secret, ya kale inakuwa karatasi. Kama ufunguo wa kurushia nao ulikuwemo humo kwenye faili, reset. Hata Twitch wenyewe walipovuja Oktoba 2021, kwa makosa ya kupanga seva, walibadilisha funguo za kurushia za watu wote, tarehe 7, hawakukaa kuhesabu nani kaona nani hajaona. Ukishamaliza yote hayo ndo ufute video na klipu.

Mie mwenyewe yamenikuta, sitakuongopea. Nilikuwa nawafundisha vijana kwa projekta, ukuta mzima, nikaongea robo saa juu ya kuficha tokeni na ya kwangu iko nyuma ya mgongo wangu imeandikwa herufi kubwa kama bango la duka, mtoto wa skuli wa darasa la saba ndo kaniambia ami geuka. Tangu siku ile OBS yangu hairushi skrini nzima, inarusha dirisha moja tu ninalolichagua, na faili la tokeni liko kwenye folda ambalo sijawahi kulifungua nikiwa laivu.